Mgeni wa Chumba 796

Nimesimama nyuma ya kaunta ya mapokezi miaka 11, mingi yake zamu ya usiku, na kwa sababu hiyo mimi ni mtazamaji msumbufu wa filamu zenye hoteli ndani yake. Seremala akikaribishwa kiti, kwanza hukitikisa. Nami nikiona mtu wa mapokezi wa kwenye sinema anatoa ufunguo bila kuuliza lolote, hadithi imeshanitoka, nimerudi kazini. North by Northwest nimeitazama mara nne sasa na kila mara imenishika hadi mwisho. Ni filamu ya mtu kufananishwa, na imeelewa jambo ambalo sisi wa mapokezi tunalijua ila hatulisemi mbele ya wageni: pale kaunta hatumjui mtu. Tunajua chumba.

Ni filamu ya mwaka 1959, ya rangi, ya dakika 136. Aliyeiongoza ni Alfred Hitchcock, aliyeiandika ni Ernest Lehman. Nitaisimulia mpaka mwisho, maana filamu iliyovuka miaka 60 haina tena haki ya kutunziwa siri. Asiyetaka kuharibiwa uhondo aishie hapa, akaitazame kwanza.

Roger Thornhill, anayeigizwa na Cary Grant, ni mtu wa matangazo ya biashara jijini New York. Amekwisha kuachana na wake wawili, anapenda kinywaji, na ana mama asiyemwamini hata kidogo. Mchana mmoja anaingia kwenye hoteli ya Plaza kukutana na watu wa kazi. Akiwa amekaa nao anakumbuka kwamba amemwagiza katibu wake ampigie mama simu kwenye nyumba ambayo simu haijafungwa bado. Basi apeleke telegramu. Wakati huohuo tarishi wa hoteli anapita katikati ya meza akimwita mgeni kwa sauti: Bwana George Kaplan, Bwana George Kaplan. Thornhill anainua mkono kumwita tarishi. Pembeni wapo watu wawili waliokuja kuona nani ataitikia jina la Kaplan. Wanauona mkono. Yamekwisha.

Mara ya kwanza nilidhani ameitikia lile jina, au amelisikia vibaya. Mara ya pili ndipo nilipogundua kwamba hana habari nalo kabisa. Alikuwa na shida zake na mama yake. Hicho ndicho kilichonikalisha vizuri kwenye kiti. Filamu nyingi za aina hii hutaka sababu kubwa: pacha aliyepotea, sura iliyopasuliwa hospitalini, pasipoti iliyoibwa kwenye meli. Hapa ni mkono mmoja ulioinuliwa katika sekunde mbaya.

Mimi mwenyewe nimewahi kufanya kosa hilohilo, tena bila majasusi. Usiku mmoja tulikuwa na wageni wawili wenye jina moja la ukoo, ghorofa moja. Ukaja ujumbe wa simu, nikauandika, nikautia kwenye bahasha, nikaita jina ukumbini. Bwana mmoja akainua mkono. Nikampa bahasha, akaipokea, akaisoma, akaikunja, akapanda juu. Nusu saa baadaye akashuka na ile bahasha kuniambia kwamba hana mke, kwa hiyo haiwezekani ndege ya mke wake imeahirishwa hadi kesho. Kumbe alikuwa ameinua mkono aulize neno la siri la intaneti. Nilipomuuliza kwa nini basi alichukua bahasha, alinijibu: “Si wewe ndiye uliyenipa?”

Thornhill naye anapewa, ila hana pa kurudisha. Anapelekwa kwa bastola hadi kwenye jumba kubwa huko Glen Cove, Long Island, na huko anakutana na James Mason, anayeigiza jambazi mpole kuliko wote niliowahi kuwaona. Jina lake ni Vandamm ingawa mwanzoni anajipitisha kwa jina la mwenye nyumba, Lester Townsend. Hapigi kelele. Anafunga mapazia mwenyewe, anawasha taa, anazungumza kama daktari anayekuarifu kuhusu vipimo. Thornhill anataka kutoa vitambulisho vyake, na Vandamm anamjibu kwa upole kwamba waliomtuma humtengenezea vitambulisho vizuri sana. Nenda ukalifikirie jibu hilo. Kila karatasi inayothibitisha kwamba wewe ni wewe inageuka ushahidi kwamba wewe ni jasusi hodari. Ukikana jina, umefunzwa kukana. Ukikasirika, unaigiza hasira. Hakuna mlango.

Wanamnywesha pombe kwa nguvu, wanamtia ndani ya gari barabara ya milimani ili afe kwa “ajali”, anaponea chupuchupu na kuishia kituo cha polisi. Sehemu hii ya kuendesha gari akiwa amelewa ni ndefu kuliko inavyostahili, na barabara inayoonekana nyuma yake ni picha iliyoakisiwa ukutani, inajulikana wazi. Nikifika hapo huenda kuchemsha chai. Lakini rudi mapema, usikose asubuhi yake, anapowapeleka polisi kwenye lile jumba: bibi mwenye nyumba anamkumbatia kama rafiki aliyelewa jana kwenye karamu, na kabati lililokuwa na chupa za pombe sasa limejaa vitabu. Mama mtu anamshauri mwanawe alipe zile dola mbili za faini yaishe.

Mama huyo anaigizwa na Jessie Royce Landis, ambaye kwa umri wa kweli alimzidi “mwanawe” kwa miaka kama saba tu. Sikujali. Ndiye anayenichekesha zaidi kuliko wote.

Sasa twende chumba 796, maana hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Thornhill anarudi Plaza na mama yake kumtafuta huyo Kaplan. Hana ufunguo, hivyo anamhonga mama, kuanzia dola 10 hadi 50, akauombe mapokezi. Na anaupata! Nilijipiga paja nilipoona hivyo. Mama wa makamo, koti zuri, sauti ya mtu aliyezoea kuhudumiwa: mimi ningempa? Leo nasema nisingempa. Mwaka wangu wa kwanza kazini, saa ya watu wengi, ningempa na kumtakia siku njema.

Wakishafika chumbani, anakuja mhudumu wa vyumba. Thornhill anamuuliza kama anamjua yeye ni nani. Anamjua: ni Bwana Kaplan. Amejuaje? Kwa kuwa ndiye aliyemo chumba 796. Amewahi kumwona kabla? Hapana, ndiyo mara ya kwanza. Anakuja mtu wa dobi na suti iliyosafishwa, majibu ni yaleyale. Aliagizwa kwa simu aje kuichukua. Kitandani hapajawahi kulaliwa. Katika hoteli nzima hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona uso wa Kaplan, na hakuna hata mmoja mwenye shaka kwamba Kaplan yupo.

Mtu wa kawaida anaweza kuona hapo ujanja wa mwandishi. Mimi naapa ni kweli tupu. Nina wageni wa siku tano ambao ukiniletea picha zao sitawatambua, lakini nitakwambia wanataka mito mingapi. Tukiambiana zamu zinapobadilishana, hatusemi majina: “312 anataka kuamshwa saa kumi na moja, 208 hajalipa.” Mhudumu wa vyumba humjua mgeni kwa vitu vyake, kwa viatu vilivyo chini ya kitanda, kwa dawa iliyo kando ya glasi. Ukiweka suti kabatini na kitana chenye mba mezani, mtu amezaliwa. Na kitana chenye mba ndicho hasa Thornhill anachokikuta. Anajaribu na suti ya Kaplan: mikono mifupi, suruali imeishia juu ya vifundo. Nilicheka, halafu nikaingiwa na ubaridi. Yule asiyekuwepo ana vipimo vyake, naye aliye hai ndiye asiyetosha ndani ya nguo.

Maana Kaplan hayupo. Idara ya ujasusi ya serikali imembuni awe chambo, imemkodishia vyumba mji kwa mji, imehamisha mizigo yake, imelipa bili zake, ili Vandamm ahangaike na kivuli asimtambue jasusi wa kweli aliye karibu naye. Siri hii tunaambiwa mapema, katika kikao kifupi cha watu waliozunguka meza, wanaokubaliana kumwacha Thornhill ajifie zake kwa kuwa kifo chake kitampa Kaplan uhai zaidi. Wanasikitika, ila si sana. Anayewaongoza anaitwa Profesa tu, mzee wa tabasamu, na kwangu yeye ndiye mtu wa kutisha kuliko Vandamm.

Nililalamikia kikao hiki mara tatu. Niliona ni uchoyo uliogeuzwa: mwongozaji anatugawia siri ambayo sisi tulitaka kuinyatia wenyewe. Mimi ningeificha angalau hadi Chicago. Mara ya nne nilikubali, shingo upande, kwa ajili ya shamba la mahindi tu. Nitalifikia.

Kabla ya hapo kuna lifti. Thornhill na mama yake wanashuka kutoka chumba kile, na ndani ya lifti, katikati ya wageni waliojaa, wamo wale wauaji wawili. Thornhill anamnong'oneza mama. Mama anawageukia na kuwauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, iwapo ni kweli wanataka kumuua mwanawe. Kimya kidogo. Kisha mmoja anaanza kucheka, mwenzake anafuata, mama naye anacheka, lifti nzima inaangua kicheko. Thornhill amesimama katikati yao, peke yake, uso umekauka. Sijaona tukio la kutisha lililopigwa kwa kicheko vizuri namna hiyo.

Umoja wa Mataifa nitaupita haraka. Thornhill anakwenda kumtafuta Townsend, anamkuta Townsend wa kweli ambaye si yule wa jana, na mara huyo bwana anaanguka na kisu mgongoni. Thornhill anakishika, mpiga picha anabofya. Umoja wa Mataifa ulikataa filamu isipigwe pale, hivyo Grant akiingia jengoni alipigwa kwa kamera iliyofichwa garini. Ukijua hilo, ile hatua yake ya haraka inakuwa na ladha nyingine. Lakini ona alipofikishwa. Jana alikuwa akiwabembeleza watu waamini kwamba yeye ni Roger Thornhill. Leo magazeti yote yanaamini, na picha wanayo, ni muuaji. Jina lake mwenyewe sasa ni hatari kuliko la Kaplan.

Anakimbilia treni ya kwenda Chicago, na humo yupo Eve Kendall, anayeigizwa na Eva Marie Saint kwa sauti ya chini isiyo na papara. Anamficha, anamlisha, anamwambia waziwazi kwamba amemtambua kutoka gazetini. Mazungumzo yao mezani ni matamu mpaka unasahau kujiuliza kwa nini mwanamke mwerevu amfiche mtu anayetafutwa kwa mauaji. Jibu linakuja baada ya dakika chache: kijikaratasi kinachopelekwa behewa jingine, kwa Vandamm. Nitasema mapema lalamiko langu kuhusu Eve, nisije nikasahau. Yeye ndiye jasusi wa kweli anayelindwa na kivuli cha Kaplan, analala na adui kwa amri ya Profesa, anahatarisha maisha kuliko wanaume wote waliomo. Filamu inamlipa kwa kumwoza. Thornhill anapewa hadithi ya mtu anayebadilika. Eve anapewa sehemu za kusimama akingoja aamuliwe.

Kwenye treni hiyo kuna kiberiti cha Thornhill chenye herufi R.O.T., kwa Kiingereza zinasomeka kama uozo. Eve anamuuliza ile O ni ya nini. Si ya chochote. Mtu aliyefananishwa na asiyekuwepo naye ana shimo katikati ya jina lake, na filamu inalitaja mara moja tu, juu ya meza ya chakula, kisha inaendelea na mambo mengine. Nami naongeza langu: Cary Grant nalo ni jina la kubuni. Alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1904, akaitwa Archibald Leach.

Kituo cha Chicago, Thornhill anatoka mbele ya polisi wote akiwa amevaa sare ya mchukuzi wa mizigo mwenye kofia nyekundu. Polisi wanapogundua, wanawakamata wachukuzi mmojammoja na kuwageuza waone nyuso. Walipita naye mita mbili, hawakumwona, kwa sababu hakuna anayemtazama mchukuzi. Hili sikuhitaji kuelezwa. Nikivua koti la kazi na kuvuka barabara, mgeni niliyezungumza naye nusu saa asubuhi ananipita kama nguzo ya taa. Siku moja nilimsalimia mmoja kwa jina lake kwenye foleni ya benki, akashika mkoba wake vizuri.

Na sasa shamba. Eve amempa maelekezo: ateremke basi kwenye kituo cha barabarani huko Indiana, peke yake, Kaplan atamkuta hapo. Ukweli ni kwamba tukio lilipigwa California, karibu na Wasco, na ardhi ile tambarare ndiyo iliyohitajika. Hakuna nyumba, hakuna mti wa kujificha, hakuna giza. Wasanii wa taharuki hupenda vichochoro vya usiku. Huyu amemweka mtu wake juani, suti ya kijivu, tai, viatu vya mjini, vumbi. Gari linatokea mbali, linakuja, linapita. Jingine. Jingine. Muziki hakuna hata kidogo, na Bernard Herrmann ambaye tangu mwanzo amekuwa akitupeleka mbio na ngoma zake amenyamaza kabisa. Anashushwa mtu upande wa pili wa barabara. Wanatazamana kwa muda mrefu, suti kwa kofia. Thornhill anavuka, anamuuliza kama yeye ni Kaplan. Siye, anangoja basi. Kabla basi halijafika anatupa jicho angani na kusema kwamba ile ndege inanyunyiza dawa mahali pasipo na mazao.

Hapo ndipo nilipokisamehe kile kikao cha mezani. Tusingejua kwamba Kaplan hayupo, tungekuwa tunamngoja naye, tunakodolea kila gari. Kwa kuwa tunajua, tunamtazama mtu mzima aliyesimama kando ya barabara akimsubiri asiyekuwepo, na kila gari linalopita linatuuma sisi badala ya yeye. Halafu ndege inashuka. Anajitupa chini, anakimbia, anaingia kwenye mahindi, ndege inamnyunyizia dawa kama mdudu, anatoka na kulisimamisha lori la mafuta nusura limkanyage, ndege inaligonga, moto, na ndipo muziki unaporudi. Ukiniuliza kwa nini majasusi wenye bastola wamuue mtu kwa ndege ya kilimo, sina jibu. Sikulitafuta.

Anarudi Chicago na vumbi lake hadi hoteli ya Ambassador East kumuulizia Kaplan, na mtu wa mapokezi anampa jibu ambalo kwangu ndilo pigo zuri kuliko yote: Bwana Kaplan aliondoka leo asubuhi, saa 1:10. Eve alidai amezungumza naye kwa simu baada ya hapo. Uongo wa mwanamke yule, uliopita treni nzima bila doa, umevunjwa na saa iliyoandikwa kwenye daftari la wageni. Nilitamani wenzangu wa zamu wawepo. Kisha Thornhill anapanda chumbani kwa Eve, nguo zake zinapelekwa kwa dobi, na Eve anapotoka, Thornhill anachukua kikaratasi kilicho kando ya simu na kukipaka penseli hadi anwani aliyoiandika Eve inajitokeza. Tangu nione hivyo, nikikagua chumba kilichoachwa nachana kurasa tatu za juu.

Kutoka hapo filamu inateremka kwa kasi: mnada ambako anataja bei za kipuuzi ili polisi waje wamkamate na kumwokoa, uwanja wa ndege ambako Profesa anamweleza kila kitu huku injini zikifunika sauti, kwa kuwa sisi tunajua tayari, kisha South Dakota na zile nyuso za marais zilizochongwa mlimani Mount Rushmore. Kinachonivutia huko ni kwamba Thornhill sasa anakubali kuwa Kaplan kwa hiari yake. Anaingia mkahawani na jina hilo, anaringa nalo, anapigwa risasi nalo. Kukimbizana juu ya pua za marais ni kuzuri, kumejengwa studio na kunaonekana hivyo, na ile sanamu ndogo yenye siri za serikali tumboni inavunjika bila sisi kuelezwa ni siri gani. Sikukosa usingizi.

Itazameni kwenye kioo kikubwa kadiri mtakavyopata. Shamba lile kwenye simu linakuwa kitambaa cha njano tu. Na mkifika mkahawani, Eve anapogombana na Thornhill kabla ya kutoa bastola yenye risasi bandia, waacheni wao. Tazameni nyuma, meza za wageni, kuna mtoto wa kiume. Ameshaziba masikio.